Ekzosi mpya ya pikapu, na kichwa cha mtoto kinachouma safarini

Wiki hii naomba tuingie gereji. Najua umezoea kusoma hapa habari za malaria, presha, kisukari na chanjo. Lakini lipo tatizo linaloanzia chini ya boneti ya gari na kuishia katika chumba cha daktari, na mara nyingi wazazi hawaoni uhusiano kati ya viwili hivyo.

Tuseme baba ana pikapu ya petroli, ya kazi na ya familia. Fundi amemshauri atoe manifodi ya zamani na kuweka mabomba marefu yaliyounganishwa, yale ambayo mafundi huyaita hedasi, ili gari livute vizuri zaidi na lingurume vizuri. Kazi inafanyika siku moja. Mabomba yanazungushiwa utepe mpana wa kuzuia joto, unaofanana kabisa na bandeji ya hospitali. Gari linapendeza na baba anafurahi.

Jumamosi familia inaondoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mvua inanyesha, kwa hiyo madirisha yamefungwa. Kabla ya kufika Chalinze mama anasema kichwa kinamgonga. Mtoto mdogo ametapika. Mkubwa amelala fofofo, kichwa kimeegemea mlango. Wanasimama kula, na baada ya nusu saa nje ya gari wote wameanza kuchangamka. Wakirudi ndani na kuendelea na safari, kichwa kinaanza tena.

Wengi wetu tungesema ni uchovu wa safari, au chakula, au malaria inanyemelea. Inawezekana. Lakini safari kama hiyo ina jibu jingine ambalo kila mzazi mwenye gari anapaswa kulijua: sumu ya moshi wa gari kuingia ndani ya kabini.

Hewa isiyoonekana wala kunusika

Injini inapochoma mafuta hutoa hewa nyingi, na mojawapo ni kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina ladha wala haiwashi macho. Harufu ya moshi tunayoisikia inatokana na vitu vingine vilivyomo. Kwa hiyo usijiambie, "Ningenusa." Unaweza usinuse kitu na bado sumu ikawa inaingia.

Ndani ya mwili, kazi ya kusafirisha oksijeni hufanywa na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayoipa rangi nyekundu. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni sawa na abiria anayepanda daladala, anakaa kwenye kiti na kugoma kushuka. Damu inaendelea kuzunguka, lakini viti vimejaa, na ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Watoto hupumua haraka zaidi kuliko watu wazima kwa kulinganisha na uzito wao, hivyo wanaweza kuathirika mapema. Mjamzito naye yuko hatarini zaidi, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hii kwa nguvu na kuchelewa kuiachia. Mama anaweza kujisikia nafuu wakati mtoto bado anakosa oksijeni. Wenye ugonjwa wa moyo na wenye upungufu wa damu pia hawana akiba ya kuvumilia.

Kwa nini ekzosi iliyotengenezwa upya?

Ekzosi nzima kutoka fabriki hukusanya moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka mbali, nyuma ya gari. Kazi yoyote ya kuifungua na kuifunga upya inaweza kuacha upenyo. Hedasi zina maungio mengi: pale zinaposhikana na injini, pale mabomba yanapokutana, na pale yanapoungana na bomba la kuelekea kwenye sailensa. Gasketi ikikaa vibaya, bolti moja isipokazwa sawasawa, au uchomeleaji ukiacha tundu dogo, moshi hutokea hapo, chini ya boneti.

Na chini ya boneti hakuko mbali na pua yako. Katika magari mengi, hewa ya nje inayoingia ndani kwa feni huchukuliwa karibu na chini ya kioo cha mbele. Ukuta kati ya injini na kabini una matundu ya kupitishia nyaya na mipira. Mipira hiyo ikizeeka, au sakafu ya gari ikila kutu, moshi hupata njia. Kwenye pikapu kuukuu, hata mpira unaozunguka shina la gia unaweza kuwa mlango.

Kuna mambo mawili zaidi. La kwanza, baadhi ya watu wanapobadilisha ekzosi huondoa kifaa cha kusafishia moshi, kile chenye vitundu mfano wa sega la nyuki. Kifaa hicho ndicho hupunguza sana kaboni monoksaidi kabla moshi haujatoka. Kikiondolewa, upenyo uleule mdogo unaleta sumu nyingi zaidi.

La pili ni ile bandeji ya joto. Kazi yake ni nzuri: inazuia joto la mabomba lisisambae kwenye injini na nyaya. Lakini pia inafunika. Ufa, kutu au mchirizi wa masizi ambao fundi angeuona kwa macho sasa umejificha chini ya utepe. Isitoshe, utepe ukilowa maji hushika unyevu, na mabomba ya chuma cha kawaida yanaweza kuoza chini yake bila mwenye gari kujua. Ndiyo maana gari linaweza kuwa salama mwezi wa kwanza na kuleta matatizo baadaye.

Wenye pikapu za dizeli nao wasijione wamepona. Ni kweli kwamba dizeli kwa kawaida hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, lakini moshi wake una madhara yake. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Watoto wanaopanda nyuma

Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, walichapisha katika jarida la chama cha madaktari la nchi hiyo taarifa za watoto na vijana 20 waliotibiwa kwa sumu ya kaboni monoksaidi baada ya kupanda nyuma ya pikapu. 17 kati yao walikuwa chini ya kanopi iliyofungwa, na 3 chini ya turubai. Wengi walikuwa wamepoteza fahamu. Mmoja alifariki dunia, na mwingine alibaki na madhara ya kudumu kwenye ubongo.

Magari yale yalikuwa na ekzosi iliyokuwa ikijulikana kuwa inavuja, au bomba lililotokea nyuma badala ya ubavuni. Gari linapokwenda, hewa nyuma yake hujizungusha na kuurudisha moshi kwenye bodi. Kanopi au turubai huufungia humo.

Mzazi mwenzangu, hapa kwetu tunafanya yaleyale. Watoto wanakwenda msibani, harusini au shambani wakiwa nyuma ya pikapu, na mvua ikianza tunawafunika turubai. Tunaogopa wasidondoke, jambo ambalo ni sahihi, lakini hatuufikirii moshi. Dereva yuko mbele, anapumua vizuri, wala hasikii kitu. Akifika anakuta watoto "wamelala". Nyuma ya pikapu si mahali pa abiria, na chini ya turubai au kanopi ni pabaya zaidi.

Dalili zinazofanana na malaria

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na usingizi usio wa kawaida. Mtoto mchanga hulialia, hukataa kunyonya, au hulegea. Sumu ikizidi, mtu huchanganyikiwa, hushindwa kutembea sawasawa, hupata maumivu ya kifua, degedege au kupoteza fahamu. Anayekuwa amelala wakati sumu inaingia anaweza asiamke kabisa.

Unaona jinsi orodha hiyo inavyofanana na malaria au chakula kilichochacha. Mambo haya yatakusaidia kutofautisha:

Kwanza, watu zaidi ya mmoja waliokuwa ndani ya gari wanaumwa kwa wakati mmoja. Malaria haiwapati watu watatu katika saa moja.

Pili, wanapata nafuu wakitoka nje na kuzidiwa wakirudi ndani.

Tatu, kwa kawaida hakuna homa. Mwili hauchemki, lakini kichwa kinauma sana.

Nne, gari limetoka gereji karibuni, au limeanza kunguruma tofauti na zamani.

Hata hivyo, usitumie dalili hizi kuahirisha kipimo cha malaria. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Pima malaria, na pia mweleze daktari habari za gari.

Ufanye nini papo hapo

Ukihisi dalili hizi ukiwa safarini, simamisha gari mahali salama na uzime injini. Watoe watu wote nje kwenye hewa safi, ukianza na watoto na mjamzito. Mtoto anayesinzia mwamshe na uzungumze naye. Usimwache ndani "apumzike kidogo".

Asiye na fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Asiyepumua aanze kusaidiwa mara moja na mtu anayejua kukandamiza kifua na kupulizia pumzi, wakati wengine wanatafuta usafiri. Usafiri huo uwe gari jingine, si lilelile lililowadhuru.

Maziwa, maji ya nazi, kahawa au dawa za maumivu haviondoi sumu hii. Kinachoiondoa ni oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, huchukua takriban saa 4 hadi 6 kwa kiasi cha sumu katika damu kupungua kwa nusu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa hospitalini, muda huo hushuka hadi kama dakika 60 hadi 90. Ndiyo maana mjamzito, mtoto mdogo, mgonjwa wa moyo na yeyote aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja ni lazima wafike hospitali, hata kama wanasema sasa wako sawa.

Hospitalini, sema neno "gari"

Daktari hawezi kuiona sumu hii kwa kumtazama mgonjwa, na kuna mtego mmoja wa kuujua. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi vizuri oksijeni na kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 wakati mgonjwa ana sumu nyingi mwilini. Namba nzuri kwenye kidole haitoshi kukurudisha nyumbani.

Kwa hiyo sema wazi: "Tulikuwa ndani ya gari, watu watatu tumeumwa kichwa pamoja, na ekzosi imetengenezwa wiki iliyopita." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha matibabu yote. Hospitali yenye maabara inayofaa itapima damu kujua kiasi cha sumu. Isiyo na kipimo hicho inaweza kuanza oksijeni kwa sababu ya maelezo yako tu.

Baada ya kuruhusiwa, mwangalie mgonjwa kwa wiki kadhaa. Baadhi ya watu hupata matatizo yanayochelewa: kusahau, kubadilika tabia, kutembea kwa shida. Mtoto aliyekuwa anafanya vizuri darasani akianza kuchanganya mambo, mrudishe hospitali na ueleze kilichotokea.

Mambo ya kumwambia fundi

Huhitaji kuwa fundi ili kulinda familia yako. Unahitaji kusimama gereji na kudai mambo machache.

Dai gasketi mpya. Gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa haikai tena vizuri.

Dai ekzosi ipimwe kabla ya kufungwa bandeji. Injini ikiwa bado ya baridi, fundi aiwashe na kusikiliza kwenye maungio. Upenyo mara nyingi hutoa mlio wa "tik, tik, tik" unaokwenda na injini. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio kabla hayajapata moto hutoa povu pale panapovuja. Mtu yeyote asitumie mkono kutafuta upenyo, na jambo hili lifanyike nje, si ndani ya banda.

Dai bolti zikazwe tena baada ya siku chache. Chuma kikipata moto na kupoa mara kadhaa, bolti hulegea.

Dai matundu ya ukuta wa injini na sakafu yazibwe, na mpira wa gia ubadilishwe ukiwa umepasuka.

Dai kile kifaa cha kusafishia moshi kibaki mahali pake, na bomba la mwisho lipite mpaka nje ya bodi, lisikatwe katikati chini ya kabini.

Baada ya hapo, mara kwa mara tazama kama kuna masizi meusi kwenye maungio, na usipuuze mlio mpya. Fundi akikwambia "huo mlio ni kawaida ya hedasi", mwombe akuonyeshe kwamba hakuna panapovuja. Kufungua madirisha kunasaidia mkiwa njiani kumpelekea fundi gari, lakini si tiba. Dirisha la nyuma la kabini likifunguliwa peke yake linaweza hata kuvuta moshi uingie ndani.

Na asubuhi, usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa au karibu na dirisha la chumba cha watoto ili "lipate moto". Injini ya baridi ndiyo hutoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi.

Bandeji yenyewe, na afya ya fundi

Utepe wa joto mwingi wa siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo au za mawe yaliyoyeyushwa. Nyuzi hizo huwasha ngozi, macho na koo. Anayeufunga avae glavu, mikono mirefu, miwani na barakoa. Watoto wasiuchezee wala mabaki yasitupwe uani. Gari likiwashwa mara ya kwanza baada ya kufungwa, utepe hutoa moshi kwa muda. Hilo lifanyike uwanjani, familia ikiwa mbali. Utepe uliolowa oili au mafuta ubadilishwe, kwa sababu unaweza kushika moto.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa vifaa vya zamani. Gasketi na vitambaa vya joto vya miaka ya nyuma vilikuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, mara nyingi miaka 20 hadi 40 au zaidi baadaye. Fundi asikwangue gasketi ya zamani ikiwa kavu, asipulize vumbi kwa kompresa, na asirudi nyumbani na ovaroli yenye vumbi. Wako wake za mafundi waliougua ugonjwa huu kwa kufua nguo tu.

Fundi akichomelea bomba lililopakwa zinki, kama yale ya maji, anaweza usiku kupata homa, kutetemeka na maumivu ya viungo. Wengi hunywa dawa ya malaria bila kupima. Homa hiyo ya moshi wa chuma kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini maziwa ambayo mafundi hunywa hayaizuii. Kinachosaidia ni kuondoa ile zinki kabla ya kuchomelea, kufanya kazi mahali penye hewa, na kuvaa barakoa inayofaa.

Mtoto akiungua na ekzosi

Mabomba haya hufikia joto la mamia ya nyuzi, na hubaki ya moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Bandeji hupunguza joto la nje lakini bado yanaunguza. Bomba linalotokea ubavuni liko usawa wa mguu wa mtoto anayeshuka.

Akiungua, mimina maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Vua pete, bangili au viatu kabla hajavimba, funika kwa kitambaa safi kisichonata, na umpeleke kituo cha afya. Alama ya kuungua na chuma cha moto inaweza kuonekana ndogo lakini ikawa imeingia ndani. Ikiwa ni usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, usisubiri kesho.

Kabla ya safari ijayo

Ndugu msomaji, sikukatazi kulipendezesha gari lako. Ninachoomba ni kwamba siku unapolichukua kutoka gereji, usianze na safari ya mbali. Zunguka nalo kwanza peke yako, madirisha yakiwa wazi, usikilize, usimame, utazame maungio. Kisha waulize wanaopanda nyuma wanajisikiaje. Na mtoto akilala safarini, gusa bega lake mara kwa mara umsikie akijibu.